Idella Narcisse na Koo la Mozelle

Idella Narcisse alikuwa amechoka tangu mwaka 1943, na hakuona sababu ya kumficha mtu jambo hilo. Mwaka huo alishuka kwenye treni kutoka Louisiana pamoja na mumewe Antwine, wakapanga chumba Richmond, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco, na wiki iliyofuata akavaa miwani myeusi ya kuchomelea, akalala kifudifudi ndani ya tumbo la meli ya vita na kuanza kuunga chuma kwa chuma. Alijifunza upesi. Mkono wake haukutetemeka. Msimamizi wake, mzungu mmoja asiyependa kusifu, alikuwa akipitisha kidole juu ya mshono wake, anaguna, kisha anakwenda zake. Kule kuguna ndiko kulikokuwa sifa. Vita vilipokwisha wanawake waliambiwa ahsanteni, rudisheni miwani.

Baada ya hapo akapata kazi ya dobi katika hoteli moja ya Oakland. Alisimama mbele ya mashine ya mvuke, yeye upande huu na mwenzake upande ule, wakipitisha mashuka kutwa nzima mpaka jasho likawakaukia mgongoni na kuwa chumvi. Antwine alifariki mwaka 1949, kifua kilimshinda. Dada yake Antwine, Verlie, alikuja mazishini kutoka Lake Charles na sanduku moja la nguo, akasema atakaa wiki mbili. Hakuondoka tena. Idella hakumfukuza. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na mtu akirudi kazini miguu imevimba ni afadhali akute sufuria ya maharagwe mekundu jikoni kuliko akute kimya.

Habari za vidani zilianza kwa bahati tu. Mwaka 1950 Idella alikwenda shule ya watu wazima kujiandikisha darasa la kushona, ili aache dobi. Karani akamwambia darasa limejaa. Alikuwa amekwisha geuka mlangoni aliposikia, kutoka chumba cha mwisho ukumbini, sauti ya moto wa gesi ukivuma: fuuu, kisha kimya, kisha fuuu. Miaka mitano alikuwa hajaisikia. Miguu ikaenda yenyewe.

Ndani alimkuta mwanamke mfupi, nywele za mvi zimekatwa kama za mwanamume, amevaa aproni ya ngozi, ameshika kipande cha fedha kwa koleo. Huyo alikuwa Bi Hedwig Rosenau. Kwao Ujerumani alisomea ufundi wa metali katika shule ambako walimu wanaume walimwambia aende akafume mazulia na wanawake wenzake, naye akakataa. Baadaye mambo ya kule yakawa ya kukimbia na roho yako mkononi, akakimbia.

"Unataka nini?" Bi Rosenau aliuliza bila kuinua macho.

"Nilikuja kushona. Kumejaa."

"Umewahi kushika moto?"

"Meli, Bi. Nimechomelea meli."

Bi Rosenau akaweka chini koleo, akamtazama mara ya kwanza. "Meli ngapi?"

"Sikuhesabu. Zilikuwa zikitoka, tunaanza nyingine."

"Basi keti. Hapa ni meli ndogo."

Hapo ndipo Idella alipoanza kujifunza usonara. Lakini usonara wa Bi Rosenau haukuwa ule wa maduka ya mjini, wa maua ya dhahabu na almasi katikati. Hakutaka dhahabu darasani. Hakutaka vito. Alisema vito vya thamani humfanya fundi mvivu, kwa sababu watu hutazama jiwe wala hawatazami kazi. Aliwapa wanafunzi waya wa shaba, bamba la shaba njano, vipande vya fedha, na kokoto walizookota wenyewe ufukweni. Kisha aliwaambia wasimame mbele ya kioo washike shingo zao, mabega yao, vifundo vya mikono. Mwili una milima na mabonde, alisema. Anzieni hapo, msianzie kwenye kasha la velveti. Katika mji wote ule na ng'ambo ya daraja walikuwapo watu wengine kumi na tano, ishirini, wanaofanya hivyohivyo kwenye vibaraza na gereji zao, kila mmoja akijiona yuko peke yake. Walikuwa wakitengeneza mapambo kama mtu atengenezavyo sanamu, ila sanamu ya kuvaliwa na kupanda nayo basi.

Idella aliweka meza ya kazi kwenye kibaraza cha nyuma, kando ya beseni la kufulia. Alirudi kutoka hotelini saa kumi, akaingiza miguu kwenye maji ya chumvi chini ya meza, na huku miguu ikiloa, mikono ilifua shaba. Ti, ti, ti. Mwanga ukiisha, anaacha.

Verlie alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akatazama bangili ya kwanza, waya mnene wa shaba uliojizungusha mara tatu na kuishia hewani bila kukutana.

"Wifi, hii imekatika."

"Haijakatika. Ndivyo ilivyo."

"Mbona mwisho huu unakwenda huku na mwisho huu unakwenda kule, kama watu waliogombana?"

"Niache, Verlie."

"Nimekuacha. Ila sinki letu linavuja, na wewe unavaa bomba mkononi."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Verlie hakuvaa hata hereni moja ya Idella miaka hiyo yote. Alikuwa na lulu zake za bandia za kwenda nazo kanisani, na lulu hizo, alisema, hazihitaji mtu kukuelezea.

Kila vuli jijini San Francisco hufanywa maonyesho ya wasanii katika uwanja wa wazi, na Idella alianza kwenda huko na meza ya kukunja. Alisimama kwenye ukungu siku nzima, siku ambayo angelikuwa amelala. Watu walipita, waliinua kitu, wakakigeuza, wakakirudisha. Mama mmoja mwenye kofia ya manyoya alimwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti, "Mume wangu ana kopo zima la vitu hivi gereji." Idella alikuwa amechoka mno kukasirika. Hasira nayo hutaka nguvu. Alifunga koti, akamimina kahawa kutoka chupa, akangoja jua.

Katika maonyesho hayo ya mwaka 1955 ndipo Bwana Castleman alipomwona. Alikuwa na duka mtaa wa maduka makubwa, rafu nyeupe na vitu vichache, kila kimoja kimewekwa mbali na chenzake kana kwamba kina ugonjwa wa kuambukiza. Alichukua hereni za Idella zenye umbo la jani lililokunjwa, mshipa mmoja tu katikati, akazipeleka kwenye mwanga.

"Unaweza kunitengenezea za namna hii kwa ajili ya Krismasi?"

"Ngapi?"

"Jozi mia mbili. Za kufanana."

Idella alimtazama mtu huyu, viatu vyake safi, akaifikiria ile mashine ya mvuke. "Naweza," akasema.

Jumatatu akaaga hotelini. Verlie alioka mkate wa mahindi na kumwita jirani mmoja, wakasherehekea kidogo. "Sasa wifi yangu ni mwenye kazi yake," Verlie alisema, akamshika bega. Na Idella kwa siku mbili tatu alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo.

Siku ya nne ile ndoo ilirudi. Alikata jani, akalipiga, akalikunja, akatia mshipa, akalehemu kishikizo, akasugua. Kisha la pili lake, liwe sawa na la kwanza. Kisha jingine. Kufikia jozi ya arobaini mkono wake ulijua jani kuliko kichwa, na kichwa kikabaki bila kazi, kikawa kinamwimbia mambo mabaya: Antwine alivyokohoa, kodi ya nyumba, mgongo. Kufikia jozi ya tisini kidole gumba cha kulia kilianza kukataa asubuhi. Alikitia kwenye maji ya moto mpaka kikubali. Alikuwa ameacha mashuka, lakini hapa pia kitu kileile kilikuwa kikipita mbele yake tangu asubuhi hadi jioni, ila sasa hakukuwa na mwenzake upande wa pili wa kupiga naye soga.

Bi Rosenau alikuja kumtembelea Novemba, amejifunga shali, mwenyewe anahema kwa ngazi tatu tu za kibaraza. Akakuta majani yamepangwa safu kwa safu juu ya gazeti. Alivaa miwani. Alichukua moja, akachukua la mwisho wa safu, akayalinganisha.

"Umefanya wewe haya, au mashine?"

"Mimi, Bi."

"Yote?"

"Yote."

"Bora ingefanya mashine," Bi Rosenau alisema polepole, "wewe ukalala."

Hakusema kwa kubeza. Aliketi, akaomba kahawa, akauliza habari za kidole. Lakini alipokwenda zake Idella alibaki amekaa na mikono juu ya mapaja, na jioni ile hakufua chochote. Verlie akaja kutazama.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi vipi?"

"Nimeona kuwa nimejiajiri dobi nyumbani kwangu mwenyewe."

Verlie aliona uso wa wifi yake, hakutania. Alikwenda kumletea bakuli la mchuzi wa bamia na kamba, akaliweka mbele yake, akaketi kando. Majani yalimalizika wiki mbili kabla ya Krismasi. Bwana Castleman aliyauza yote.

Ilikuwa baada ya mwaka mpya, Idella hana agizo wala hamu, ndipo Mozelle Cato alipobisha hodi.

Mozelle na Idella walichomelea pamoja melini. Siku zile alikuwa mwanamke wa kucheka, sauti yake unaisikia kutoka sitaha ya juu, na wanaume walimwita Honi. Sasa alikuwa mpishi katika shule ya watoto. Alikuwa amevaa kitambaa shingoni, kimefungwa kwa kukazwa, na alipozungumza sauti ilitoka ndogo, ya kukwaruza.

"Walinipasua tezi," alisema. "Kiangazi kilichopita. Uvimbe ulikuwa kama ndimu."

"Pole, shoga yangu. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia kwa sauti ipi?"

Alifungua kitambaa. Kovu lilipita kooni kutoka upande hadi upande, jekundu, limenyanyuka kama kamba, na katikati lilikuwa limevuta ngozi ndani. Idella alilitazama bila kugeuza uso. Fundi aliyeshona alikuwa na haraka, aliwaza. Mshono kama huu msimamizi wetu asingeguna.

"Watoto wananiuliza nani alitaka kunichinja," Mozelle alisema. "Nimevaa kitambaa miezi sita. Jikoni kuna joto, kinaloa, kinawasha. Nataka kitu cha kufunika. Nasikia siku hizi unatengeneza mapambo makubwamakubwa."

Kutoka mkobani akatoa vijiko sita vya fedha, vizito, vimefungwa kwenye taulo. Mama yake alipewa huko Shreveport na nyumba aliyoitumikia miaka thelathini, siku wenye nyumba walipohama. Kwenye kila mpini ziliandikwa herufi mbili za jina la ukoo ule, zimejipinda kwa madaha.

"Vipige," Mozelle alisema. "Vipige mpaka jina la watu lisisomeke."

Idella alikata gazeti, akalizungusha shingoni kwa Mozelle, akachora kwa penseli. Alipima kutoka kidevu hadi mfupa wa kifua, akamwambia ameze mate, ageuke kushoto, ageuke kulia, ainame kama anayekoroga sufuria. Mozelle alitii, huku akilalamika kuwa daktari mwenyewe hakumsumbua hivi.

Wiki tatu alikaa na vijiko vile. Aliviyeyusha vyote sita, akamimina, akapiga mpaka vikawa bamba. Fedha ikipigwa sana huwa ngumu na kupasuka, kwa hiyo aliipasha moto hadi ikawa nyekundu hafifu, akaitumbukiza majini, ikatii tena, akaendelea. Bega liliuma. Lakini hakusikia kile kichwa chake kikimwimbia. Alipomaliza lilikuwa pambo zito la kukaa begani mpaka kifuani, limekatwa kama mwezi mchanga, na mbele, pale kooni, lilifunguka. Uwazi ule ulilizunguka kovu sawasawa. Idella aliona ni kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Aliamini kwamba kovu, likiwekewa ukingo mzuri, halitakuwa aibu tena.

Mozelle alikuja Jumamosi. Akalivaa. Akasimama mbele ya kioo cha Verlie chumbani, akageuza shingo kushoto na kulia polepole, hata Verlie akaacha kuchambua dengu.

"Nilikuomba pazia," Mozelle alisema hatimaye. "Wewe umeniwekea dirisha."

"Mozelle, lakini tazama linavyo..."

"Natazama! Kila mtu atatazama! Umenichorea mshale, uwaonyeshe pa kutazama." Sauti ile ndogo ikakatika. "Wewe umependa kitu chako, Idella. Mimi hukunifikiria."

Alilivua, akaliweka kitandani, akafunga kitambaa chake na kutoka. Mlango hakuubamiza, aliurudisha taratibu, na hilo ndilo lililouma.

Idella aliketi kitandani kando ya lile pambo. Verlie akaja, akasimama.

"Wifi, mimi sijui kazi yako," alisema. "Lakini mwenzio kasema kweli."

"Najua."

"Ni zuri. Hata mimi nimeona ni zuri. Lakini si lake."

"Nimesema najua, Verlie! Nimechoka, niache."

Alilala siku ile mchana kutwa, akaamka, akalala tena. Jumapili hakwenda kanisani. Jumatatu alichukua ule mwezi mchanga, akauweka juu ya tofali, akawasha gesi, akautazama ukigeuka mwekundu na kulegea. Hakulia. Aliwahi kuona meli nzima ikikatwakatwa baada ya vita, meli aliyoichomelea mwenyewe, na hakulia siku ile pia.

Safari hii hakuchora chochote kwanza. Alipanda basi mpaka shule ya Mozelle, akaingia jikoni kupitia mlango wa nyuma, akaketi juu ya gunia la viazi.

"Umefuata nini?" Mozelle aliuliza.

"Kukutazama."

"Bado hujachoka kunitazama?"

"Nimechoka. Endelea na kazi yako."

Mozelle alimgeuzia mgongo. Lakini baada ya nusu saa alikuwa akipakua, akiwaamrisha wasaidizi, akimkaripia mtoto aliyetaka kuongezwa jeli, na Idella akaona kitu ambacho kwenye kioo hakikuonekana: shingo ile haitulii. Inameza, inageuka, inapanda na kushuka kwa kila neno. Mozelle alitulia tu alipomsikiliza mtu. Na aliposikiliza ndipo mkono wake ulipokwenda kwenye kitambaa kukivuta juu. Alipozungumza alisahau.

Akarudi nyumbani akakata fedha ileile vipande virefu vyembamba, kama ndimi, ishirini na saba. Kila kimoja alikipiga peke yake, hiki kinene chini, hiki kimepinda kidogo, hakuna viwili sawa. Akavitoboa juu na kuvitundika kwenye waya mmoja wa shingoni, vikaangukia koo karibukaribu, kila kimoja huru. Mtu akitulia vilifunga, koo lote likawa fedha. Mtu akisema vilifunguka, vikagusana, vikatoa sauti ndogo kama vijiko ndani ya droo, kisha vikafunga tena.

Hakumwita Mozelle. Alimpelekea kwake, akampa mkononi, akasema, "Vaa, kisha unitukane."

Mozelle alivaa. Alijitazama kiooni bila kusogea, vile vipande vikalala juu ya kovu, halionekani hata kidogo. Akapumua. Vikasogea. Akameza mate, vikatembea. "Sasa huu ni..." alianza, na kusikia fedha ikijibu chini ya kidevu chake, akashtuka, akasema tena, "Hee! Huu ni..." na ikajibu tena. Hapo akacheka. Hakikuwa kile kicheko cha Honi, koo halikuruhusu, lakini kilikuwa kicheko, na vipande vyote ishirini na saba vikaruka.

"Unaona kovu?" Idella aliuliza.

"Naliona likija na kuondoka."

"Basi?"

"Basi nyamaza nijisikilize."

Majira ya kuchipua Bi Rosenau alimletea Idella karatasi. Jumba moja la sanaa jijini lilikuwa linakusanya kazi za masonara wa namna yao, kwa mara ya kwanza kuziweka chumba kimoja na sanamu na picha. Bi Rosenau aliwahi kuona kidani cha Mozelle kanisani kwao akina Mozelle, alikokwenda ili akitazame tu.

"Peleka kile," alisema.

Idella alikwenda kumwomba. Wiki sita tu, alisema, kisha kinarudi.

"Hapana," Mozelle alisema.

"Jina lako litaandikwa."

"Jina langu naliandika mwenyewe kwenye daftari la zamu. Idella, wiki sita bila hiki shingoni nitarudi kwenye kitambaa, na nikirudi sitatoka. Hiki si cha kutundika mahali. Waambie waje shuleni saa sita, nawapakulia na chakula."

Idella hakumbembeleza. Ndani ya basi la kurudi alijikuta anatabasamu, jambo ambalo basi hilo lilikuwa halijamwona akifanya.

Alipeleka bangili moja, na bizimu, pini ya kifuani, ya fedha yenye kokoto nyeusi. Bangili ilirudishwa na kikaratasi cha kushukuru. Bizimu ilichukuliwa. Siku ya kufungua, saa nane mchana, alikwenda na Verlie, Verlie amevaa lulu zake na viatu vya kumbana. Bizimu ilikuwa ndani ya sanduku la kioo, imebanwa juu ya kitambaa cha kijivu, imelala. Idella aliitazama, akaona inafanana na samaki sokoni. Ilihitaji koti, na ndani ya koti mtu anayepumua.

Mama mmoja aliinama kwenye kioo. "Mwanangu anatengeneza vitu kama hivi shuleni," alimwambia mumewe.

Verlie aligeuka mzimamzima. "Basi mlete mtoto, mama," alisema. "Mwenye kazi hii amechoka, anahitaji mtu wa kumpokea kazi."

Yule mama akawa mwekundu, akaondoka na mumewe. Idella alimvuta Verlie mkono.

"Wewe si ulisema ni mabomba?"

"Mimi ni wifi yako, nina haki. Yeye ni nani?"

Kijana mmoja wa gazeti alimfuata Idella na kalamu, akamuuliza bizimu ile inaeleza nini. Idella alifikiri. Miguu ilikuwa ikimwaka moto. "Inafunga koti," akasema, na akaomba aelekezwe penye kiti.

Bwana Castleman alirudi vuli ile akitaka majani tena, mia tatu, na mshipa uongezwe. Idella akasema hapana. Castleman hakugombana, alimpata mtu mwenye mashine, na Idella kwa miaka mingi aliona jani lake masikioni mwa wanawake ndani ya basi, jepesi, limepigwa chapa, si lake wala si la mtu. Alirudi kwenye kazi ya dobi, nusu siku. Nusu nyingine ilikuwa ya kibaraza.

Huko wakaja watu walioletwa na Mozelle, maana Mozelle alimwambia kila mtu. Akaja mwalimu asiye na kidole cha pete, aliyetaka pete. Akaja mwanamke mwenye shingo fupi aliyechekwa tangu utotoni. Akaja mzee mfanyakazi wa treni aliyetaka kumzawadia mkewe kitu cha kuvaa juu ya mkono uliopooza. Kila mmoja Idella alimfanyia kama alivyofanya jikoni kwa Mozelle: aliketi na kumtazama akiishi, kwanza, mpaka mtu akaona haya kisha akasahau. Wengine walipenda. Wengine walisema hapana, naye akayeyusha. Hakutajirika. Jina lake halikufika kwingi zaidi ya karatasi ya yale maonyesho.

Bi Rosenau alifariki mwaka 1961. Shule ikamwomba Idella ashike darasa lake, naye akalishika miaka saba, jioni mbili kwa wiki, mpaka vifundo vya vidole vilipovimba asiweze kufunga koleo. Mwaka wa mwisho hakufua tena chochote. Alizunguka kati ya meza, mikono ndani ya mifuko ya aproni kwa sababu ya baridi, akitazama.

Jioni moja ya mwaka huo binti mmoja mwanafunzi, aliyekuwa akihangaika na bangili, alimwita. "Bi Narcisse, hapa pameunga vizuri?"

Idella alitoa mkono mfukoni. Kidole cha shahada hakikunyooka, kwa hiyo alipitisha upande wa kidole gumba juu ya mshono, taratibu, kwenda na kurudi. Palikuwa na donge dogo la lehemu mwishoni.

"Hapa bado," alisema. "Tia moto kidogo, usikimbilie. Kisha uzime gesi na uende nyumbani, kesho una kazi."

"Na wewe, Bi?"

"Mimi naketi," Idella alisema, akavuta kiti karibu na hita, akaketi.